Jina la Pili Ubavuni mwa Gari

Fundi mmoja wa Mbale ameniandikia barua ndefu. Kabla hajafungua gereji yake alikuwa mwelekezi katika mbio za magari, yule anayeketi kando ya dereva na daftari mapajani. Yeye na dereva wake walishindana misimu mingi. Walishinda, walipinduka, wakapata mdhamini mwenye jina kubwa, na nembo yake ikashonwa kwenye ovaroli za wote wawili. Leo dereva huyo ni mzee wa heshima mjini Jinja. Kwenye harusi na mikutano ya wanamichezo huombwa asimulie, naye ana kipaji cha kusimulia. Kinachomuuma fundi ni kwamba katika masimulizi hayo gari lina mtu mmoja tu. "Niliiona kona." "Niliukwepa mtaro." "Niliamua kutosimama." Safari ya mwisho mzee alisimulia hivyo mbele ya watoto wa fundi mwenyewe, na wakiwa njiani kurudi nyumbani mwanawe akamuuliza: "Baba, kwani wewe ulikuwa unafanya nini humo ndani?"

Fundi anauliza kama ingefaa asimame palepale ukumbini aseme kweli, na kama sasa amechelewa.

Ndugu yangu, umedhulumiwa. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu najua utakaowaendea wengi watakuhimiza usamehe yaishe, na msamaha unaotolewa kabla kosa halijatajwa huwa unamfaa mkosaji peke yake.

Wasioujua mchezo huu wasidhani mwelekezi ni abiria mwenye kofia ngumu. Siku chache kabla ya mashindano wawili hao huipita njia polepole. Dereva hutaja anachokiona na mwelekezi huandika: kona inaelekea wapi, ukali wake ni tarakimu gani, mita ngapi hadi kilima kinachoficha kilicho nyuma yake, kalavati liko wapi, wapi ni marufuku kukata kona kwa sababu kuna jiwe. Siku yenyewe mwelekezi husoma, na husoma mbele ya gari, kwa kuwa dereva anahitaji kona ijayo wakati bado anapambana na hii. Sasa lipeleke gari hilo kwenye mashamba ya miwa, Kakira huku ng'ambo ya Jinja, au Lugazi ukishautoka msitu wa Mabira kuelekea Kampala. Muwa uliokomaa unampita mtu kwa kimo, nao umesimama pande zote mbili kama ukuta. Hakuna dereva anayeona kitakachotokea mbele ya kona humo. Anaendesha kwa masikio. Msomaji akiruka mstari mmoja, gari limeingia kwenye miwa na mbio zimekwisha. Basi mtu anayesema "niliiona kona" katikati ya miwa hakuona kitu. Aliambiwa.

Waliotunga kanuni za mchezo walilijua hilo zamani. Ubavuni mwa gari huandikwa majina mawili, na matokeo hutangazwa kwa majina mawili. Mtazame Shekhar Mehta, ambaye Uganda ina haki ya kumdai: alizaliwa huku mwaka 1945 katika ukoo wa wenye mashamba, na familia yake ikahamia Kenya wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Safari Rally akiwa na Datsun 240Z. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo. Mashabiki husema "Mehta mara tano" na kunyamaza. Kumbukumbu za mashindano hazinyamazi: 1973 ni Mehta na Lofty Drews, na ile minne iliyofuatana ni Mehta na Mike Doughty.

Ushindi wa 1973 una funzo lake. Mehta alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, mwenzake wa Datsun. Hawakupigana wala hawakurudia mbio. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Zama zile njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, na adhabu ilihesabiwa kwa dakika ulizochelewa kufika kwenye kituo cha ukaguzi. Kazi ya kuangalia saa na ramani ndani ya gari ilikuwa ya nani? Namheshimu Mehta kuliko madereva wengi, kwa jinsi alivyoendesha na kwa jinsi alivyoutumikia mchezo baada ya kuumia vibaya nchini Misri mwaka 1987, hata akaja kuongoza kamati ya rali ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Heshima hiyo haipungui hata chembe ninapomtaja Drews.

Nasi huku tuna la kwetu. Mwaka 1999 Charles Muhangi aliipatia Uganda ubingwa wa Afrika. Waulize wanaolikumbuka jina lake ni nani aliyeketi kando yake. Wengi watakuna kichwa.

Na kadiri timu inavyokuwa kubwa ndivyo watu wa kusahauliwa wanavyoongezeka. Toyota na Lancia zilipokuja Safari kutafuta ubingwa wa dunia zilirusha helikopta mbele ya magari yao, mtu akichungulia kama kuna ng'ombe au twiga barabarani. Dereva wa gari la namna hiyo akijigamba kwamba alishinda kwa macho yake, rubani angekuwa na haki ya kucheka mpaka machozi yamtoke.

Sasa swali lako. Hapana, haikufaa usimame ukumbini, na nashukuru hukusimama. Si kwa sababu kweli ina wakati wake. Maneno hayo hutumiwa sana na watu wasiotaka kweli isemwe kamwe. Ni kwa sababu mtu mzima akivuliwa nguo mbele ya wakwe na wajukuu hushika la karibu kujifunikia, na la karibu huwa ni uongo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ungetoka pale na ushahidi wako, harusi ya watu imeharibika, na mzee amekuwa adui. Kuchelewa hujachelewa.

Nenda Jinja mwenyewe. Usipige simu, na mara ya kwanza usichukue mashahidi. Akina mjomba na viongozi wa klabu wana zamu yao ikishindikana. Chukua moja ya yale madaftari, maana umeniambia bado unayo. Mkishasalimiana na kula alichopika, lifungue kwenye ukurasa wa njia mnayoikumbuka wote, umpe asome. Mwandiko atautambua. Kisha mweleze mwanao alikuuliza nini, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia mtoto, na ukae kimya. Usiongeze yako. Akiuliza unataka nini, jibu liwe tayari: hutaki kuombwa radhi wala pesa, unataka atakapoombwa tena kusimulia, akutaje.

Na wewe mzee wa Jinja, iwapo safu hii inakufikia, shikamoo. Siamini kwamba uliketi ukapanga kumfuta mwenzako. Najua hadhira zilivyo. Zinataka shujaa mmoja, na makofi huja pale unaposema "nili". Mara ya kwanza uliacha jina lake kwa kufupisha, mara ya pili kwa mazoea, na sasa pengine hata wewe mwenyewe unakikumbuka kiti cha pili kikiwa kitupu. Lakini wewe ni mzee na watoto wanakusikiliza. Wanaotoka kukusikiliza hupanda pikipiki zao za boda na kuingia barabara ya Iganga, abiria wawili nyuma, malori ya miwa mbele, wakiamini kwamba kasi ni ushujaa wa mtu mmoja asiyehitaji kuambiwa kilicho nyuma ya kona. Hawana daftari. Hawana mtu wa kuwasomea. Waambie basi kwamba wewe ulikuwa naye, na kwamba bila yeye usingethubutu. Hadithi yako haitapungua utamu. Nadhani itazidi, kwa sababu watu wawili ndani ya gari moja, mmoja akipiga kelele na mwingine akimwamini bila kuona, ni kisa kizuri kuliko cha mtu mmoja na usukani.

Narudi kwako, fundi, nina neno moja ambalo hutalipenda. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umetaja mashindano, umetaja vikombe, umeitaja kampuni ya mdhamini mara nyingi kuliko ilivyostahili. Sikuona jina la fundi hata mmoja, nawe sasa ni fundi. Nani alichomelea vyuma usiku kucha nyinyi mkiwa mmelala? Umeandika kwamba kwenye miteremko ya Elgon mvua iliwatia mtaroni na "tukatoka". Mlitoka vipi? Gari la mashindano halijinyanyui lenyewe kutoka kwenye tope. Wanakijiji walikuja na kamba na mabega yao, wengine wameacha mashamba, na bila shaka mmoja wao alikuwa na jina mlilolijua jioni ile.

Kabla ya kupanda gari kwenda Jinja, chukua kalamu uwaandike wote unaowakumbuka: mafundi, waliobeba petroli, aliyewapa pa kulala, mkeo aliyebaki na watoto kila wikendi ya mashindano. Karatasi hiyo iweke ndani ya daftari lile. Mkishamaliza la kwenu wawili, mpe mzee naye aongeze. Kuna majina ambayo yeye anayo na wewe umeyapoteza, na hayo mwachie ayatamke yeye mwenyewe siku atakaposhika kipaza sauti.