Je, Achoraye Asichokiona Asema Uongo?

Kila mtu ajua ya kuwa uongo husemwa kwa kinywa. Ni wachache wafikirio ya kuwa uongo waweza kusemwa kwa mkono pia, pasipo neno hata moja. Mwanafunzi aambiwapo achore kuku, mara nyingi hainui macho amtazame kuku apitaye uani. Huchora duara kubwa, juu yake duara dogo, mdomo, miguu miwili yenye vidole vitatu, naye amekwisha. Lakini kuku wa uani ana vidole vinne, vitatu mbele na kimoja nyuma. Basi mwanafunzi hakuchora kuku. Amechora wazo la kuku alilokuwa nalo kichwani.

Kwa mtoto jambo hili si kosa la kuadhibiwa. Lakini ndani yake mna swali kubwa: mtu ajazapo kwa mawazo yake mahali ambapo macho yake hayakuona, je, asema kweli au asema uongo? Wako watu ambao kazi yao yaweza kusaidia kulijibu, nao ni wale waendao nje kuwachora ndege wa porini walio hai, siku za jua na siku za mvua.

1. Kazi yao ilivyo

Mchoraji wa namna hii huchukua vitu vichache: daftari, penseli, rangi za maji, na darubini akiwa nayo. Huketi kimya akangoja. Ndege atua. Mchoraji aanza mstari wa mgongo, na kabla hajafika mkiani ndege amekwisha geuka. Afanye nini? Mchoraji mwaminifu huuacha mchoro ule nusu, akaanza mwingine kando yake. Ndege akigeuka tena, huanza wa tatu. Na ndege akirudia mkao wa kwanza, mchoraji naye huurudia mchoro wa kwanza, akaongeza kile tu alichokiona sasa.

Jioni ukurasa wake umejaa vichwa visivyo na miili, migongo isiyo na miguu, bawa moja huku na mkia mmoja kule. Mpita njia aweza kucheka akasema, «Mtu huyu hamalizi kazi yake.» Hata hivyo kila mstari ulio pale ni ushuhuda. Tena mahali palipobaki peupe ni ushuhuda pia, kwa maana pasema: hapa sikuona.

2. Kwa nini asingoje siku njema?

Mtu atauliza: kuna faida gani kulowa? Mvua huharibu karatasi. Penye unyevu rangi za maji hazikauki. Na katika nchi za baridi kali maji ya rangi huganda juu ya karatasi. Jibu ni hili: ndege wa siku ya jua hana umbo lile lile siku ya baridi. Baridini husimamisha manyoya yake ili kulinda joto la mwili, akaonekana mnene kama mpira. Penye upepo mkali ndege wa ufukoni huelekeza midomo yao kule utokako upepo, ili manyoya yasifumuliwe. Jua likizidi hufungua mdomo akahema. Basi awachoraye ndege siku njema peke yake amepata nusu ya kweli. Nusu ya kweli si uongo. Lakini mwenye nusu akiwaambia watu kwamba anayo yote, amewadanganya.

3. Ndege wasio na miguu

Mwaka 1522 merikebu Victoria ilirudi Hispania, nayo peke yake, katika merikebu tano zilizoondoka na Magellan mwaka 1519, ndiyo iliyokwisha kuizunguka dunia. Ndani yake mlikuwa na ngozi kavu za ndege wenye manyoya ya fahari, kutoka visiwa vya Moluku. Ngozi za namna hiyo zilizoletwa Ulaya ziliandaliwa kwa kukatwa miguu kwanza. Watu wa Ulaya wangaliweza kusema, «Miguu ya ndege hawa hatuijui.» Lakini wengi hawakuridhika na pengo hilo. Walisema kwamba ndege hao hawana miguu tangu kuzaliwa, kwamba hawatui kamwe, kwamba huishi angani hata kufa. Wachoraji wakawachora hivyo. Mwaka 1758 mtaalamu Linnaeus alimpa mmoja wao jina la apoda, maana yake asiye na miguu, na jina hilo latumika hata leo, ingawa ndege ana miguu miwili yenye nguvu.

Si lazima kudhani ya kuwa watu hao walikusudia kudanganya. Walikosa jambo moja tu: hawakuacha mahali peupe.

4. Je, maiti ya ndege haisemi kweli?

Mwingine atasema: ndege hai hukimbia, afadhali kumwua kwanza, ndipo achorwe kwa raha. Ndivyo alivyofanya John James Audubon (1785–1851), mchoraji mashuhuri wa ndege wa Amerika. Aliwapiga risasi, akawasimamisha kwa nyaya, akawachora kwa ukubwa wao wenyewe. Kitabu chake chenye picha 435 kilitolewa kati ya mwaka 1827 na 1838, na wataalamu wangali wakikisifu.

Haifai kumdharau. Maiti husema kweli katika mambo yake: urefu wa bawa, idadi ya manyoya ya mkia, rangi ya tumbo. Charles Tunnicliffe (1901–1979), aliyekaa tangu mwaka 1947 katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales, alipima na kuchora kwa uangalifu mkubwa ndege waliokutwa wamekufa. Lakini hakuishia hapo. Alijaza pia madaftari kwa michoro ya ndege hai wa pwani ile. Aliijua mipaka ya maiti. Ndege aliyekufa hawezi kumwonyesha mtu jinsi anavyosimama, anavyoogopa au anavyomlisha mtoto wake. Mkao aliopewa kwa waya ni mkao alioufikiri mchoraji. Mambo mengine hayawezi kupatikana kwa nguvu. Atakaye kuyajua hana budi kukubali kwamba ndege yu huru kuondoka, na kwamba pengine siku nzima itapita bure.

5. Jicho lililogeuka rangi

Karibu na pwani ya Scotland pana mwamba uitwao Bass Rock. Juu yake ndege weupe wa baharini, wakubwa kuliko bata, huzaa kwa makumi ya maelfu. Jina lao la Kilatini, Morus bassanus, latokana na mwamba huo. Mchoraji John Busby (1928–2015) aliwachora ndege hao kwa miaka mingi. Jicho lao lina rangi ya buluu hafifu sana, karibu na nyeupe. Mwenye kulichora mara mia hana haja tena ya kulitazama, mkono wajua.

Lakini mwaka 1922 haukuwa kama mwaka 2022. Mwaka huo wa 2022 mafua makali ya ndege yaliwaua wengi mwambani pale. Baadaye watu waliotazama kwa makini waliona ndege walio hai wenye macho meusi, au yenye madoa meusi. Damu ilipopimwa, ilionekana ya kuwa jambo hilo lahusiana na wale walioambukizwa wakapona. Mtu achoraye kwa mazoea angalipaka jicho jeupe kama siku zote, kwa kuwa «ndivyo lilivyo», na habari ya ugonjwa na ya kupona ingalipotea chini ya mkono wake stadi.

6. Unyoya uliongoja miaka 23

Kuacha mahali peupe kwahitaji uvumilivu, nako si kwa wachoraji tu. Msitu wa Kongo wenyewe unao mfano. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, aliyekuwa akichunguza ndege katika nchi ya Ituri, aliuona unyoya katika pambo la kichwa. Wenyeji wa msitu walimjua ndege wao; Chapin hakumjua. Hakuupachika unyoya ule jina la kubahatisha. Aliuhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wenye manyoya kama yale. Kikaratasi chao kilisema kwamba ni tausi wa kawaida, wachanga. Aliyekiandika alijaza pengo upesi. Chapin, aliyeliacha pengo wazi miaka 23, ndiye aliyewaonyesha wataalamu kwamba huyu ni tausi wa Kongo, asiyepatikana penginepo duniani.

7. Jibu

Basi, achoraye asichokiona asema uongo? Yafaa kupambanua mambo matatu. Achoraye kwa kuwaza, akasema wazi kwamba amewaza, hasemi uongo. Ndivyo zilivyo hadithi na mapambo. Ajazaye pengo pasipo kujua kwamba amelijaza hasemi uongo, lakini hukosa uangalifu, naye aweza kuwapotosha wengi. Ajuaye kwamba hakuona, akatoa mchoro wake kama ushuhuda wa macho, huyo asema uongo, hata mstari wake ukiwa mzuri namna gani.

Hatari ya jambo hili yaonekana barazani kuliko karatasini. Mbuzi aibwa usiku. Shahidi aliona mgongo wa mtu na kofia, basi. Aulizwa mbele ya wazee: «Ulimwona nani?» Watu wote wamngoja. Kusema «uso sikuuona» ni aibu kidogo, kama mchoro usiokwisha. Hapo akumbuka jirani yake ambaye hawapatani, mwenye kofia kama ile. Akilitamka jina lake, amechora uso mahali palipokuwa peupe, na mtu asiye na hatia atalipa mbuzi, au atafungwa. Kinywa chake kilihitaji ushujaa ule ule wa mkono wa mchoraji mvuani: kusimama pale macho yaliposimama.

Mazoezi ya jambo hili hayana gharama. Mtu na aketi nusu saa karibu na yangeyange afuataye ng'ombe, au kuku wa uani, na kijiti mkononi na vumbi mbele yake. Achore alichokiona, asiongeze.

Maswali ya kujiuliza

1. Kuna tofauti gani kati ya kutojua na kujifanya kujua?
2. Mahali peupe katika mchoro pasema nini?
3. Ni habari gani ya jirani niliyoisimulia juma hili ambayo sikuiona kwa macho yangu?