Utii na Nasaha

Kiongozi wa nchi anaposhambuliwa kwa maneno makali, wafuasi wake huanza kuulizana ni nani angali naye na ni nani amemgeuka, kana kwamba uaminifu hupimwa kwa wingi wa sifa. Mapokeo ya dini na ya falsafa huuliza swali zito zaidi, yaani mtu huyo alimwambia nini kiongozi wake alipomwona anakosea.

Aya ya 59 ya Surat An-Nisaa, inayoamrisha kuwatii wenye mamlaka, imetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha watu, ingawa aya hiyo hiyo inaagiza kwamba panapotokea mzozo jambo lirejeshwe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hadithi ya saba katika Arubaini ya Imamu Nawawi inaihesabu nasaha, yaani kumtakia mtu kheri kwa moyo safi na kumweleza ukweli, kuwa haki ya viongozi wa Waislamu sawa na watu wa kawaida. Kwa hiyo anayemficha kiongozi ukweli amemdhulumu. Mwanafalsafa wa Marekani Josiah Royce, katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu uaminifu, aliona kwamba watu hufungamana kwa uaminifu kwa sababu ya lengo linalowazidi wote, hivyo kumweleza kiongozi ukweli ni sehemu ya uaminifu kwa lengo hilo.

Tanzania ilijaribiwa kwa swali hilo la nini aambiwe kiongozi anayekosea mwaka 1993, wakati Zanzibar ilipokuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kisha ikajitoa, na wabunge 55, walioitwa G55, wakadai serikali ya Tanganyika, yaani upande wa bara, ndani ya Muungano. Mwalimu Julius Nyerere, aliyemwachia Ali Hassan Mwinyi urais mwaka 1985, aliandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambamo lawama nzito zaidi zinawaangukia Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba kuliko Rais mwenyewe. Kuwatenga washauri na kiongozi kwa namna hiyo kunaulinda urais bila kulifunika kosa, na hilo si jambo dogo. Lakini washauri huteuliwa na kiongozi, na raia aliyezoea kusema kwamba Rais ni mwema ila amezungukwa na wabaya hatimaye hamdai Rais chochote.

Mwinyi mwenyewe alikwisha kuweka kipimo kigumu kuliko hicho cha kuwalaumu washauri. Januari 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa walioteswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hakushiriki katika mateso yao, akikubali kwamba makosa ya walio chini yake yanamfikia yeye. Wala hakungoja watetezi wamtafutie mtu wa kubebeshwa lawama. Nyerere alikubali kujiuzulu kwake, akampeleka Misri kuwa balozi, na miaka minane baada ya kujiuzulu huko akamkabidhi nchi.