Talaka Haimwachi Mtoto

Talaka ni jambo lililo baina ya watu wawili, mume na mke. Ikisha kutoka, mume si mume tena wala mke si mke. Lakini baba hubaki baba na mama hubaki mama. Katika sharia hapana tamko la kumwacha mtoto. Haya sote twayajua kwa ulimi, na wengi wetu twayakanusha kwa vitendo.

Natutazame yapitayo mitaani mwetu. Mtoto hutumwa dukani kwa babake: "Mwambie babako ada ya skuli haijalipwa." Hurudi na jawabu: "Mwambie mamako, aliyetaka talaka ndiye atakayelipa." Masikini mtoto huyu amefanywa tarishi wa vita. Kila neno alichukualo hupita moyoni mwake kwanza, kabla halijamfikia aliyepelekewa. Kisha twastaajabu akiwa mkali, au akinyamaza, au akichukia kusoma!

Yuko asemaye: "Basi heri wazazi wavumilie, wakae pamoja kwa ajili ya watoto." Neno hili lina haki ndani yake, lakini si haki yote. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Amato na Bruce Keith, walikusanya matokeo ya tafiti 92. Waliona kwamba watoto wa wazazi walioachana huwa chini ya wenzao, kwa tafauti ndogo, katika masomo, tabia na utulivu wa moyo. Lakini wale wanaolelewa katika nyumba isiyovunjika yenye ugomvi mkubwa hali zao zilikuwa dhaifu zaidi. Basi lenye kumdhuru zaidi mtoto ni ugomvi, na ugomvi waweza kukaa nyumba moja au kuhamia nyumba mbili.

Suratul Baqara, aya ya 233, imekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya wake. Suratut Talaq, aya ya 6, yaamrisha walioachana washauriane kwa wema. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yawapa baba na mama jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Kwa hivyo baba na apeleke masurufu kwa mkono wake, au wa mtu mzima mwaminifu. Mama naye asimzuie mtoto kwenda kwa babake. Na sisi jamaa tuache kumhoji mtoto: "Kwa babako umepewa nini?" Mume aweza kuoa mwengine, na mke aweza kuolewa na mwengine, mtoto hana pa kwenda kutafuta wazazi wengine.