Tawakali na Maswali ya Mgonjwa

Tawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu katika kila jambo, mara nyingi hueleweka kana kwamba inamtaka mgonjwa anyamaze, ameze anachopewa na kumwachia daktari mengine yote. Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, alilichambua suala hili kwa makini zaidi katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, ambamo aliyagawa mambo yanayoondoa madhara katika mafungu matatu: yaliyo ya yakini, kama maji yanavyoondoa kiu, yanayodhaniwa kwa nguvu kuwa yatafaa, kama kuumika na dawa za matabibu, na ya kuwaziwa tu, ambayo miongoni mwake alitaja kuchoma mwili kwa moto. Kuyaacha ya kwanza, kwake, si tawakali hata kidogo, na kuyatumia ya pili hakuipingi.

Fungu hilo la pili ndilo lenye uzito hapa, kwa sababu tiba iliyojengwa juu ya dhana, hata ikiwa dhana yenye nguvu, haipimwi vema na mtu mmoja: daktari anaujua ugonjwa, lakini mgonjwa ndiye anayejua ni dawa ipi ilimletea kizunguzungu na ni maumivu gani yuko tayari kuyavumilia. Kuuliza, basi, ni sehemu ya kuitumia tiba yenyewe, na ridhaa, yaani kukubali tiba baada ya kuelezwa faida na hatari zake, haipatikani kwa asiyeelezwa. Wapo matabibu wanaoudhika wakiulizwa, lakini udhia wao si hoja ya kidini.