Mitende ya Ansari na Mchicha wa Katesh

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Nakuusieni, na naanza kuiusia nafsi yangu, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zangu Waislamu wa Katesh, wa Mbulu mjini, wa Dongobesh na wa Haydom, Ijumaa ya leo nitazungumza juu ya mboga. Wapo watakaosema hayo ni maneno ya sokoni, hayana nafasi kwenye mimbari. Basi wanivumilie kidogo, niwapeleke kwanza Madina.

Muhajirina, yaani waliohama kutoka Makka, walikuwa watu wa biashara, wametoka kwenye bonde kavu lisiloota kitu. Wakaingia Madina, mji wa mitende, wengi wao mikono mitupu, mali yao imebaki nyuma. Ansari, wenyeji wa mji huo, wakamwendea Mtume (s.a.w.) na jambo kubwa: awagawanyie mitende yao, nusu iwe yao na nusu iwe ya ndugu zao waliohamia. Mtume akakataa. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) jinsi walivyoafikiana baada ya hapo: wageni washike kazi ya mitende, na matunda wayale pamoja. Wote wakasema tumesikia na tumetii.

Tusilipite haraka jambo hili. Mtume hakutaka mwenye mali abaki hana, wala mgeni akae akisubiri kulishwa. Aliunganisha ardhi ya huyu na mikono ya yule. Watu wa miji miwili, desturi mbalimbali, mmoja hajui hata mtende unapandishwaje, wakawekwa kwenye shamba moja chini ya sharti linaloeleweka. Amri ya Suratul-Maida aya ya 2, ya kusaidiana katika wema na uchamungu, ndiyo hiyo ikiwa imevaa nguo za kazi.

Sasa tuitazame miji yetu. Mbulu kuna ubaridi, na kuna watu waliorithi kilimo cha eneo dogo. Wairaqw wa Kainam tangu zama za mababu wanalima miteremko kwa matuta, ng'ombe wanalishwa nyumbani, samadi inarudi shambani, kipande kimoja cha ardhi kinalimwa mwaka baada ya mwaka na hakichoki. Vitunguu saumu vya Mbulu vinajulikana nchi nzima. Katesh imekaa chini ya Mlima Hanang, penye udongo wa volkano, na lami ya Babati kwenda Singida inapita katikati ya mji. Haydom kuna hospitali ya Walutheri iliyoanza mwaka 1955, na kila siku wapo watu waliotoka mbali kuuguza, wanatafuta mboga ya kumpikia mgonjwa. Mji mmoja una ujuzi, mwingine una soko, mwingine una mahitaji. Lakini kila mji unahangaika peke yake, utadhani kati yetu kuna bahari.

Kwamba mboga zilimwe mijini na miji isaidiane, wakubwa wa dunia wamelijua hili zamani. Agosti 2003, mawaziri wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, walitoa tamko mjini Harare kwamba kilimo cha mijini kitambuliwe na kisaidiwe. Oktoba 2015 miji mingi ya dunia ilianza kutia saini mkataba mjini Milan, Italia, ili ipeane uzoefu wa namna ya kuwalisha wakazi wake. Mwaka huohuo kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria yake ya kilimo cha mjini. Na sisi mwaka 1992 tuliwekewa kanuni zilizomruhusu mtu kulima mjini, mradi eneo lake lisizidi ekari 3. Kwa hiyo anayesema kulima mjini ni ushamba, mwambieni hata serikali yake haikubaliani naye.

Tuanzie hapahapa msikitini. Leo tumetawadha watu wangapi? Na maji yale yamekwenda wapi? Yamekwenda mtaroni. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita moja, sisi mmoja wetu hufungua bomba, akaanza kumuuliza mwenzake habari za mnada, huku maji yanamwagika. Hilo la israfu ni somo la Ijumaa nyingine. La leo ni hili: katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi. Huwezi kuyatawadhia tena, lakini mchicha, figiri na sukuma wiki unaweza kuvimwagilia bila wasiwasi wowote. Kinachohitajika ni mfereji mdogo wa saruji, pipa la kuyakusanya, na matuta upande wa chini wa uwanja. Maji ya chooni yasikaribie hapo. Yale ni najisi na yanabeba maradhi. Na ardhi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya makaburi isiguswe kwa jembe, hata kama iko wazi na inavutia macho. Wakfu hufuata sharti la aliyeuweka.

Aliyepanga chumba kimoja asiseme hana uwanja. Kibera, Nairobi, watu wanapanda sukuma wiki kwenye magunia. Wanajaza udongo na samadi, katikati wanashindilia mawe madogo yapitishe maji, wanatoboa ubavuni na kuchomeka miche pande zote. Gunia moja mlangoni linampunguzia mama safari za gengeni.

Lipo swali ambalo wengi wetu tunalinong'ona: sisi Waislamu huku ni wachache, majirani zetu ni Wakatoliki na Walutheri, je, tushirikiane nao kulima? Jibu lipo Khaybar. Mwaka wa 7 wa Hijra Mtume (s.a.w.) aliwaachia Mayahudi wa Khaybar waendelee kuyahudumia mashamba na mitende kwa mapatano ya nusu ya mavuno. Ibn Umar (r.a.) ameipokea habari hii, na iko katika Bukhari na Muslim. Kama mapatano ya shamba yaliwezekana na watu waliokuwa vitani naye muda mfupi tu kabla, yatashindikana vipi na jirani aliyekuja kukuchimbia kaburi la baba yako? Sharti ni uwazi. Andikeni nani anatoa ardhi, nani analeta mbegu, nani anamwagilia siku gani, mavuno yanagawanywaje. Bustani nyingi za vikundi haziuawi na ukame. Zinauawa na maneno.

Fedha nazo zipo, na si za riba. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ziwe mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sisi tuna halmashauri tatu, ya Mji wa Mbulu, ya Wilaya ya Mbulu na ya Wilaya ya Hanang. Akina mama wa Kiislamu waliokuwa wakiogopa mikopo kwa sababu ya riba, na wako sahihi kabisa kuiogopa, hii hapa njia yao. Waende kwa afisa maendeleo ya jamii wakiwa kikundi, wasiende mmojammoja.

Kuhusu zaka: mboga za majani kwa madhehebu yetu hazina zaka, kwa kuwa si chakula kikuu cha kuweka akiba. Lakini zina jirani. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, aliyepanda anaandikiwa sadaka. Hata kuku wa jirani aliyeruka ua, ingawa najua hilo ni gumu kulikubali asubuhi unapoikuta mimea imeparuliwa.

Ndugu zangu, hatuwezi kuzungumzia udongo hapa Hanang tukaacha kuitaja Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima ikameguka, tope, mawe na magogo vikaporomoka hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Asitokee mtu akasema ile ilikuwa adhabu kwa wale waliokufa. Mtume ametufundisha kwamba anayekufa kwa kuzama au kwa kuangukiwa na jengo huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Kazi yetu sisi tuliobaki ni kutozidisha hatari. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Anayelima kwenye kingo za korongo kwa kuwa pana unyevu anaulegeza udongo juu ya vichwa vya walio chini yake, na dini yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Bustani ninazoziombea ni za uani, za shuleni, za msikitini na kanisani. Mlima tuuachie miti yake.

Na wapo waliopoteza nyumba siku ile, wakajengewa nyumba mpya Waret, kule Gidagamowd. Hao ndio Muhajirina wetu, wawe Waislamu au wasiwe. Nyumba wamepata. Shamba la nyuma ya nyumba, lililokuwa na miaka ya samadi ndani yake, lilichukuliwa na tope. Mtu huyo hahitaji kupelekewa fungu la mchicha kila Ramadhani. Anahitaji mbegu, samadi, na mtu wa Mbulu wa kumwonyesha namna ya kukinga matuta yasichukuliwe na maji.

Msaada wa namna hiyo una mfano wake: sahaba Salman al-Farisi (r.a.) alipotaka kujikomboa kutoka utumwani, katika sharti alilowekewa ilikuwemo kupanda mitende 300. Mtume akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mmoja kwa alichonacho. Salman akachimba mashimo, na Mtume akaipanda kwa mkono wake mtukufu.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Kila msikiti, kuanzia Katesh hadi Haydom, uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke. Watu hao wakutane, wamwite afisa ugani, na wawaalike jirani zetu wa makanisani. Mbulu walete miche na mtu wa kufundisha, Katesh waonyeshe eneo na maji, Haydom waseme wanahitaji mboga gani na kwa bei gani. Makubaliano yaandikwe kabla jembe halijaingia ardhini. Leo baada ya swala kamati ya msikiti itabaki hapa uani. Anayejua kupanda vitunguu saumu, au mwenye pipa lisilotumika, naye abaki.