Sitara ya Majani

Si kila ajifichaye ni mwongo. Panzi aishiye katika majani mabichi ana rangi ya majani hayo, na hakuna mtu amwitaye mnafiki. Uhai ni amana, na kila kiumbe kina njia yake ya kuulinda. Mwanadamu hakuzaliwa na rangi ya kumsitiri; kwa hiyo huiazima. Neno hili, kuazima, ndilo nitakalo kulipima hapa. Askari avikapo majani gari lake la deraya, huazima mali ya nani, na deni lake hulipwa na nani?

Katika kiangazi cha mwaka 1944, huko Normandy katika nchi ya Ufaransa, ndege za Marekani na Uingereza zilitawala anga. Vifaru vya Wajerumani vilipolazimika kwenda mchana, vilikwenda kama vichaka vitembeavyo. Askari walikata matawi katika miti ya mipaka ya mashamba, wakayafunga juu ya chuma. Kazi hiyo ina ugumu wake. Tawi likatwapo hunyauka, na rangi yake hujitenga na rangi ya majani yaliyo hai. Hapana budi libadilishwe mara kwa mara. Upande wa chini wa jani aghalabu ni mweupe kuliko wa juu, na likifungwa kinyume humsaliti aliyelivaa. Matawi yakizidi, dereva haoni mbele na mzinga haugeuki. Tena, hata kichaka kikikamilika, alama za minyororo ya kifaru ardhini humwambia adui kilikopita.

Je, hii ni khiana? Sioni kuwa ni khiana. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva, yatenga hila na khiana katika ibara yake ya 37. Khiana ni kumfanya adui aamini kwamba sheria yamlinda yeye, au yamtaka akulinde, kisha kuitumia imani hiyo kumwua: mathalan kujifanya umesalimu amri, au kujifanya raia. Kujificha kumehesabiwa katika hila zilizo halali. Sababu yake ni wazi. Mwenye kuinua kitambaa cheupe ametoa ahadi. Jani halikuahidi kitu. Adui aliyedanganywa na jani amekosea kwa macho yake, hakuvunjiwa neno.

Walakini hukumu hiyo ni baina ya askari na askari. Yupo wa tatu ambaye hakuulizwa, nao ni mti, na nyuma ya mti yupo mkulima. Tangu mwaka 1962 hata mwaka 1971, ndege za Marekani zilinyunyiza dawa za kuua mimea juu ya Vietnam ya Kusini, zaidi ya lita milioni 70, na kusudi moja kubwa lilikuwa kumnyima adui maficho. Misitu ya mikoko iliangamia, na mahali pengine sumu ilibaki ardhini baada ya majeshi kuondoka. Jani lilikuwa limehesabiwa kuwa askari, likauawa kama askari.

Sheria yenyewe yakiri jambo hili. Itifaki ya mwaka 1980 juu ya silaha za kuchoma yakataza kuifanya misitu na mimea mingine shabaha ya silaha hizo, isipokuwa itumiwapo kuwafunika au kuwaficha wapiganaji na vitu vyao vya vita. Sharti hilo ni zito. Msitu una amani yake mpaka mtu ajifiche ndani yake. Ajifichapo, huondoka na uhai wake, na msitu hupoteza ulinzi wake. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hawakuwahi kumwona tembo aliyejivika nyasi.

Simlaumu kijana aliye ndani ya chuma. Yeye naye ana mama, na atakaye kuishi hakatazwi tawi. Nasema tu kwamba sitara yake si bure. Jemadari mwadilifu, akiwa na hiari, hatakifanya kiunga cha maskini maficho yake hali pori li karibu. Na vita viishapo, taifa litakalo kuitwa lenye haki litahesabu miti pamoja na maiti, lipande ilipokatwa. Nguo ya kuazima hurudishwa kwa mwenyewe, hata kama aliyeivaa alikuwa mshindi.