Amana ya Mtoto Wakati wa Kaskazi

Yapo maswali ambayo wanazuoni huyajadili msikitini na mama huyajibu chumbani bila ya kujua kuwa ameyajibu. Na moja katika hayo ni hili: mja akishamtegemea Mola wake, hubakiwa na wajibu gani? Katika kaskazi ya Januari na Februari, jua la Mombasa linapowaka na hewa ya chumbani isipotikisika, huonekana mtoto mchanga amevikwa kofia ya sufu na kuzongwa blanketi, shingo imejaa harara, kwa kuwa jamaa wanachelea upepo, nao husema kuwa afya i mikononi mwa Mungu. Naam, imo, lakini Mungu huyo ndiye aliyeumba mwili mchanga usioweza bado kujipoza kama miili yetu, na ndiye aliyetia katika ziwa la mama maji yote yamtoshayo mtoto hadi miezi sita. Kutawakali, kwa rai yangu, hakuanzi ila baada ya dirisha kufunguliwa na blanketi kuondolewa. Basi enyi wazazi, mfunikeni kwa kanga moja nyepesi, mnyonyesheni mara kwa mara, na akilegea au akikataa ziwa, mpelekeni kwa tabibu saa ile ile.